Samsung, LG, Panasonic: viwanda vyote hivyo, mmeshindwa kumsumbua Sony kwenye gemu?

Wakuu, sina salamu ndefu, leo nimekuja na povu.

Nina banda la PlayStation (PS), ile mashine ya gemu ya Sony, watu wanalipia kwa mechi. Kila wiki lazima aje kijana na picha kwenye simu: "Bro, usiongeze PS5, subiri, Samsung wanatoa ya kwao mwakani." Picha yenyewe imechorwa na AI, pedi ina vitufe viwili vya X. Kabla ya Samsung ilikuwa Huawei, na kabla ya Huawei ilikuwa Apple. Watu wanasubiri tu. Na wakati wanasubiri, bei inapanda.

Tuanze na hiyo bei, maana ndiyo iliyonileta hapa. Zamani konsoli (mashine ya gemu) ikizeeka bei yake ilikuwa inashuka. PS2 ilitoka Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, mwaka 2002 ikawa 199, kufika 2009 ilikuwa dola 99. Ndiyo maana PS2 iliingia mpaka uswahilini kwetu na mabanda yakazaliwa. PS5 imetoka Novemba 2020 kwa dola 499. Agosti 2025, mashine ikiwa inakaribia miaka mitano, Sony kaipandisha hukohuko Marekani ikawa 549. Wazungu wa Ulaya walishapandishiwa tangu 2022. PS5 Pro ilitoka 2024 kwa dola 699, Agosti 2025 ikapandishwa mpaka 749, na sehemu ya kuingizia diski unainunua pembeni! Ukidhani Microsoft, mwenye Xbox, ataitumia nafasi hiyo kumkata mwenzake miguu, wapi. Naye kapandisha mara mbili ndani ya 2025 hiyohiyo, Xbox Series X ikatoka 499 mpaka 649. Hizo ni bei za Marekani. Weka juu yake meli, ushuru, faida ya mtu wa Dubai na faida ya mtu wa Kariakoo, halafu mje mniambie mechi moja nitoze shilingi ngapi.

Najua kuna watakaokuja na hoja ya ushuru wa Trump na bei za chipu. Sawa, ni kweli. Ila mtu anayeogopa kunyang'anywa wateja hapandishi bei kwa raha namna ile. Sony ameshauza PS5 zaidi ya milioni 80, anamwogopa nani?

Sasa swali la hao wanaosubiri: Samsung anashindwa nini? Memori anatengeneza mwenyewe. SSD, ile diski ya kuhifadhia, anatengeneza mwenyewe. Skrini ndiyo usiseme. Chipu ya gemu? PS5 na Xbox zote mbili zinatumia chipu ya AMD, na AMD anamuuzia yeyote mwenye hela. Samsung na AMD walishafanya kazi pamoja, mwaka 2022 wakaweka grafiki za AMD ndani ya Exynos 2200, chipu ya Samsung ya kwenye simu. Kwa upande wa kiwanda huyu mtu angeweza kuanza kesho asubuhi.

Hataanza, na sababu ni hesabu tu. Ukinunua TV, aliyeitengeneza ameshapata faida yake siku hiyohiyo unaondoka dukani. Konsoli haiko hivyo. Unaitoa kwa bei ya kubana, mara nyingi mwanzoni kwa hasara kabisa, halafu unakuja kula polepole kwenye gemu: kawaida asilimia 30 ya kila gemu inayouzwa kwenye duka lako la mtandaoni, na ada za kila mwezi juu yake. Kampuni iliyozoea kuuza friji na TV haina uvumilivu huo. Inataka faida kwenye boksi.

Na si kwamba hawajajaribu. Walijaribu wakaaibika, ndiyo maana wamenywea.

Mwaka 1993 kulikuwa na kitu kinaitwa 3DO. Trip Hawkins, yule mwanzilishi wa Electronic Arts, alikuja na wazo ambalo ukilisikia leo bado linavutia: kampuni yake inachora mashine, halafu mtengenezaji yeyote wa elektroniki anapewa leseni aitengeneze. Panasonic akaingia. GoldStar, ambaye leo mnamwita LG, akaingia. Sanyo akaingia. Na watengenezaji wa gemu walipewa raha, dola 3 tu kwa kila nakala, wakati Nintendo na Sega walikuwa wanawakamua. Wote walitakiwa kufurahi, si ndiyo? Bei ya 3DO ya Panasonic ilipotoka: dola 699. Mwaka 1993! Kwa sababu zile dola 3 zilikuwa zinakwenda kwa Hawkins, Panasonic hakuwa anakula popote isipokuwa kwenye boksi, kwa hiyo akapiga bei ya boksi. Nani angenunua? Likafa. Panasonic akarudi tena, akanunua teknolojia ya mashine iliyofuata, M2, kwa dola milioni 100, akaikalia, mwaka 1997 akaizika kabla haijafika dukani kama konsoli. Milioni mia!

Philips naye na mashine yake ya CD-i ya 1991. Huyu alikuwa na bahati ya mtende: Nintendo alimtosa Sony, waliyekuwa wanatengeneza naye mashine ya gemu za sidii, akaenda kwa Philips, na kutokana na dili hilo Philips akaruhusiwa kutoa gemu za Mario na Zelda kwenye mashine yake. Mario na Zelda, mkuu! Akatoa vituko ambavyo mpaka leo watu wanavikata vipande kuchekea mtandaoni. Apple na Bandai walitoa konsoli ya Pippin mwaka 1996, ziliuzwa kama elfu 42 hivi, basi. Nokia na N-Gage mwaka 2003, wakati Nokia ndiye baba wa simu duniani, akatoa kifaa ambacho ukitaka kubadilisha gemu unafungua mfuniko na kutoa betri. Aliyepitisha hiyo kitu hakuwahi kucheza gemu maishani mwake.

Sony alikuwa mtengenezaji wa elektroniki kama hao wengine, redio na TV. Kilichomtofautisha ni kwamba baada ya kutoswa na Nintendo hadharani mwaka 1991, kwenye maonyesho ya elektroniki ya CES, injinia wake Ken Kutaragi hakwenda kutengeneza boksi zuri tu. Ndani ya Sony wakubwa wengi hawakutaka habari za gemu, ni bosi wa Sony, Norio Ohga, aliyemkingia kifua. Wakaunda kampuni ya pembeni mwaka 1993 pamoja na watu wa Sony Music, watu wanaojua kuishi na wasanii na kuuza sidii. Wakanunua studio ya Psygnosis ya Uingereza. Wakamvuta Namco, mtengenezaji wa gemu, akaja na gemu zake za Ridge Racer na Tekken. Sidii ilikuwa rahisi kuzalisha kuliko katriji za Nintendo, watengenezaji wa gemu wakahama wenyewe, mpaka gemu kubwa ya Final Fantasy VII ikatua PlayStation mwaka 1997. Mei 1995 Sega alitangaza konsoli yake ya Saturn dola 399, mtu wa Sony akapanda jukwaani akasema "299", akashuka. Huyo ndiye mshindani ninayemtaka mimi! Wa kupanda jukwaani na kumtia Sony tumbo joto kama Sony alivyomtia Sega.

Baada ya hapo aliyeingia na kukaa ni Microsoft peke yake, na aliingia na gunia la hela. Alinunua studio ya Bungie apate gemu ya Halo, Xbox ya kwanza ikamla mabilioni, Xbox 360 zikaanza kuwaka taa nyekundu akatenga zaidi ya dola bilioni moja mwaka 2007 kwa ajili ya matengenezo tu. Mwaka 2023 kamalizia kumnunua mtengenezaji wa gemu Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Pamoja na hayo yote, leo bado yuko nyuma ya Sony. Google, mwenye hela kama hizo, alileta Stadia, huduma ya gemu za kutiririsha mtandaoni, Novemba 2019, Februari 2021 akatangaza kufunga studio zake mwenyewe, Januari 2023 akazima kila kitu. Studio zake hazikufikisha hata miaka miwili baada ya uzinduzi. Gemu kubwa moja inakula miaka minne, mitano. Alidhani inaiva kama bisi za sinema?

Kwa hiyo Samsung kafanya nini? Mwaka 2022 kaweka Gaming Hub kwenye TV zake, unacheza gemu za Xbox kwa kutiririsha mtandaoni. Yaani kakubali kuwa dirisha la duka la mtu mwingine. Kwa intaneti yetu hii, yenye bando linaloisha ukiwa bado kwenye menyu, ahsante sana.

Na hapo ndipo hasira yangu inapozidi, maana sisi huku hata kwenye ramani yao hatumo. PSN, mtandao wa Sony wa kununulia gemu na kucheza mtandaoni, haina Tanzania, haina Kenya. Afrika Kusini wamo. Watu wetu wanafungua akaunti za Marekani na kuhangaika na kadi za zawadi kwa walanguzi. Mnakumbuka Mei 2024, Sony alipolazimisha wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PSN? Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 zisizo na PSN, zikiwemo zenye watu walioilipia kihalali. Wachezaji wa dunia nzima wakachachamaa, Sony akarudi nyuma kwenye hilo la akaunti. Tanzania kwenye PSN bado haijaongezwa.

Hapa ndipo mtengenezaji mpya angepiga bao. Nokia zamani, na sasa Tecno na Samsung wenyewe, wametuuzia simu kwa sababu walikuja mpaka huku, wakaweka mafundi, wakaweka bei yetu. Konsoli ya dola 250 yenye gemu nzuri ya mpira, inayokubali malipo ya M-Pesa na isiyohitaji intaneti kila dakika, ingejaa kila banda kuanzia Tandika mpaka Kisumu. Badala yake tunaletewa vile vijiti vya HDMI vyenye "gemu elfu kumi", Mario mmoja karudiwa mara mia.

Wale wa kuniletea Asus, Lenovo na MSI na mashine zao za mkononi, najua. Nyingi ni kompyuta za Windows zilizobanwa, faida iko kwenye boksi vilevile, na ROG Xbox Ally X ya Asus ilitoka 2025 kwa dola 999. Steam Deck ya 2022 ilianza na dola 399 kwa sababu mtengenezaji wake, Valve, ana duka la gemu la Steam nyuma yake. Asus hana.

Kwa hiyo anayekuja hapa na "Samsung 2027" asilete picha. Alete jina la studio iliyonunuliwa, gemu inayotengenezwa, na nani amekubali kula hasara miaka mitano. Asipokuwa navyo, akae pembeni, na mwenye PS4 anayeuza kwa bei ya kibinadamu aje inbox.