Mrejesho: ugwe niliouchagua kwa upinde wangu wa zamani

Niliuliza ni ugwe gani unaofaa upinde wangu wa miaka ya 1960, wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele, ambao ulinifikia bila ugwe. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu. Nimechagua Dacron, yaani nyuzi za poliesta, kwa sababu hunyumbuka kidogo mshale unapoachiliwa na hivyo hupunguza mshtuko unaozifikia ncha, ilhali nyuzi za kisasa za aina ya Dyneema, ambazo karibu hazinyumbuki, zinaweza kuzipasua ncha zisizoimarishwa kama za upinde huu. Kasi ya mshale inayopotea ni ndogo, nami naikubali kwa moyo mmoja ili upinde udumu.

Upinde umeandikwa inchi 62, kwa hiyo nilichukua ugwe wa inchi 58, kwa kuwa kawaida hupunguzwa takribani inchi 4. Nyuzi ni 14, zinazotosha mvuto wa pauni 40. Dacron mpya hurefuka mwanzoni, basi nimekuwa nikiusokota ugwe kidogo kidogo hadi umbali wake kutoka kwenye mshikio ukatulia kwenye inchi 8, ambapo upinde hutulia mkononi na kelele hupungua sana.