Nimenunua ngalawa ya mtumba, kamba zimekuja kwenye kiroba. Ipi inafungwa wapi?

Kaole_Mpya: Wakuu habari za humu. Nimechukua ngalawa kuukuu hapa Bagamoyo, gogo la mwembe, urefu mita 5.5, matengo yote mawili (mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke) mazima. Shida ni kwamba aliyeniuzia alishaifungua, kamba kazitia kwenye kiroba: tatu ndefu, moja fupi, na kapi moja la mti. Nimesimamisha mlingoti nikatweka tanga kwa kubahatisha. Chombo kinajigeuza chenyewe kuukabili upepo, na mlingoti unalia pale kwenye ubao. Jumamosi nataka kusafiri nayo hadi Mbweni, Dar. Usingizi sipati.

Bin_Jahazi: Anza na mlingoti. Kitako kikae kwenye kiti chake ndani ya gogo, kisha gonga kabari pande zote unapopita kwenye ubao. Ukicheza hata upana wa kidole, hapo ndipo utakapokatikia. Uinamie mbele kidogo, usiusimamishe kama nguzo ya umeme, foramali, ule mti unaobeba tanga, ipate kuning'inia mbele yake.

Kamba ndefu kuliko zote ni henza: inabeba foramali, inapita kwenye kapi kichwani, inashuka na kufungwa mrengu wa nyuma (mti uliokingama kushika matengo), upande unakotoka upepo. Hiyo hiyo ndiyo inayoushika mlingoti. Ya pili demani, kona ya nyuma ya tanga. Ya tatu goshi, inavuta ncha ya mbele ya foramali chini, omoni, yaani mbele ya chombo. Ile fupi inaibana foramali kwenye mlingoti. Ipake mafuta mazito iteleze. Na demani usiipige fundo. Izungushe mara moja kwenye mrengu, ncha ushike mkononi, upepo ukizidi uachie.

Mama_Samaki: Kabla ya kamba, TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, wamekikagua hicho chombo? Jaketi okozi unazo ngapi? Watu mnaulizia tanga, uhai hamuulizii.

Randa_na_Tezo: Mimi ningeanza na kalafati, kuziba mianya ya mbao. Pamba safi, kisha sifa (mafuta ya papa), maji hayaingii ng'o.

Bin_Jahazi: Kalafati ya nini kwenye gogo zima, mkuu? Aangalie nyufa tu. Mtoa mada, foramali ina urefu gani?

Kaole_Mpya: Ya kawaida tu. Nilichouliza ni kamba.

Kusi_Kali: Kawaida ndiyo mita ngapi? Chombo kinachojigeuza hivyo, ama tanga limekaa nyuma mno ama ni kubwa. Chukua futi upime.

Kaole_Mpya: Haya. Mita 8 na nusu. Tanga lake lilikuwa limeoza, nikanunua la dau. Foramali ya zamani, mita 6, haikulitosha, nikaunga mti mwingine. Lakini tanga kubwa si ndiyo mwendo? Halafu nimeshalilipia, halirudi.

Kusi_Kali: Ungeanza na hilo. Pembetatu ile ile ukiirefusha kutoka 6 hadi 8.5, nguo inakuwa mara mbili. Ngalawa haina farumi, uzito wa chini wa kuituliza. Kinachoshindana na upepo ni matengo, na nyinyi mnaokaa upande wa goshi, unakotoka upepo. Tengo la demanini, upande unakokwenda upepo, linatakiwa liteleze juu ya maji kwa ule mlalo wake. Tanga likizidi, linapiga mbizi, mwendo unakata ghafla, na nguvu yote inaishia pale mlingoti unapolia.

Sharubu: Wakuu, hii ni chai. Mtu anaunga foramali lakini demani haijui? Na muuzaji afungue kamba zote ili iweje? Kama ngalawa unayo kweli, nenda sasa hivi ukaangalie mlingoti na mirengu. Kamba za miaka lazima ziache mikwaruzo. Tuambie iko wapi.

Mpenda_Pweza: Chai ipo, vitumbua naleta mimi.

Kaole_Mpya: Nimekwenda na tochi. Mlingoti umelika duara, sentimita 35 chini ya kapi. Mrengu wa nyuma umelika kushoto na kulia, karibu na gogo. Omoni kuna tundu laini, kimebaki kipande cha nailoni ya kijani. Foramali ya zamani ina mfereji mita 2.4 kutoka ncha ya mbele. Henza nilifunga palepale, mti mpya nikaunga kwa nyuma.

Sharubu: Basi chai naondoa mezani.

Bin_Jahazi: Umejijibu. Tundu la omoni ni la goshi, mikwaruzo ya mrengu ni ya henza ikihamishwa kila tanga lilipogeuzwa upande, na kwenye duara ndipo foramali ilipobanwa. Sasa ile mita 2.5 uliyounga yote iko nyuma ya mlingoti, inasukuma tezi (nyuma ya chombo), omo inakimbilia upepo. Ifungue. Tanga likate kwa mstari sambamba na ukingo wa nyuma, kona ya mbele usiiguse. Pinda vidole vitatu, ushonee kamba ya milimita 8 ukingoni.

Na kugeuza, usipitishe omo kwenye upepo, tanga litabandikwa mlingotini. Ufuate upepo kwanza, legeza demani, isimamishe foramali, pitisha demani kwa mbele kwenda upande wa pili, kisha hamisha henza. Ni kazi ya watu wawili.

Kusi_Kali: Mbweni iko kusini. Mwezi huu wa saba utakuwa unabisha, yaani unakwenda mshazari dhidi ya upepo, njia nzima. Toka alfajiri na umande, ule upepo wa kutoka bara. Jua likipanda, kusi (upepo wa kusini) likakaza, ingia ufukweni upumzike.

Kaole_Mpya: Foramali nitaifungua. Tanga sikati, nitalikunja nyuma nifunge.

Bin_Jahazi: Basi funga kila shibiri moja, kwa kamba nyembamba. Mkunjo ukifunguka baharini umerudi ulikotoka. Na siku ya kwanza ijaribu maji ya kiunoni, si Jumamosi.

Mama_Samaki: Jaketi hujanijibu.

Mpenda_Pweza: Ukibadili mawazo, hicho kipande utakachokata unauza bei gani? Turubai la kibanda changu limechanika.