Wakuu naombeni ushauri: picha ya Sharaku, mchoraji wa zamani wa Japani, kwa yen laki 3, nichukue?

KijanaSaitama: Wakuu habari zenu. Juzi nilipita Jimbocho pale Tokyo, kwenye maduka ya vitabu vya zamani, nikakuta picha ya mwigizaji wa kabuki, yale maigizo ya jukwaani ya Kijapani, ile ya Sharaku ya 1794, jamaa kabana mdomo, vidole vimetanuka vinachomoza kwenye koti, ukiiinamisha kwenye mwanga ule weusi wa nyuma unametameta, ni unga wa ulanga. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Muuzaji anasema imechapwa kwa mbao za kuchongwa, siyo mashine. Laki 3 za yen. Nichukue?

MamaZulfa: Mwanangu, wanaume wamejipaka poda wamevaa kike, hiyo ndo ya kuweka sebuleni?

Kipanga: Mama, wanawake walipigwa marufuku jukwaani tangu 1629, wangefanyaje? Na huyo wa kwenye picha kacheza mwanaume. Mkuu geuza karatasi uone kama rangi imepenya nyuma.

BabaBandari: Mimi niliumizwa na saa Deira kule Dubai, nikaambiwa orijino, mpaka leo nikikumbuka roho inauma. Acha.

KijanaSaitama: Imepenya! Na nimeshatoa advansi laki 1, kwa hiyo kurudi nyuma ngumu.

Kipanga: Hela yako?

KijanaSaitama: Ya mteja wa Dar, katuma ya kumnunulia gari, Noah. Ila mnada wa magari ni wiki ijayo, mshahara utakuwa umeingia, sijaiba jamani.

Mchunguzi: Hii chai. Sharaku alichapisha kama miezi 10 tu akapotea, za kwake halisi zinaenda mamilioni ya yen, we upewe kwa laki 3? Tuandikie risiti inasemaje.

KijanaSaitama: Siyo chai mkuu. Ninayo mkononi: advansi 100,000, jina la mwigizaji Otani Oniji, halafu neno fukkoku.

Kipanga: Ndo hapo. Fukkoku ni mbao zilizochongwa upya, kwa hiyo mbao kweli, mkono kweli, rangi lazima ipenye, ulanga upo, ila si ya 1794. Hajakudanganya, hukuuliza. Na huyo Oniji hapo kacheza Edobei, anamvamia mtumishi ampore hela aliyokabidhiwa. Hiyo mikono ndo kazi yake.

MamaZulfa: Mrudishie mtu hela yake baba.

KijanaSaitama: Kapiga mara 3 leo sijapokea. Duka linafunguliwa saa 4, nitakuwa mlangoni.