Vumbi la brashi mnatutibu kwa pakiti ya maziwa??

Wakuu habari za jioni, mtanisamehe naandika na hasira na kioo cha simu kimepasuka.

Nipo kiwanda cha mkonge huku Tanga, jina naacha maana bado nakula hapo hapo. Nipo brashi, yaani mashine ya kusafisha nyuzi za mkonge, huu mwaka wa tatu. Kwa wasiojua, majani yakipita korona, ile mashine ya kuyakwangua, yanatoka singa (nyuzi) mbichi, kule maji tupu hakuna vumbi, zinaanikwa, zikikauka ndo zinaletwa kwetu kusafishwa kabla ya kufungwa marobota. Ngoma ya brashi inazunguka kwa spidi we umeshika singa kwa mikono uso uko pale pale, lisaa halijaisha nyusi zishakuwa nyeupe kama babu. Kikohozi na chafya ndo redio yetu.

Feni ya kunyonya vumbi ipo, bomba lake lipo, imekufa tangu kabla ya masika ya mwaka jana. Ukiuliza, mota imeagizwa. Inakuja kwa miguu? Badala yake kila Ijumaa pakiti ya maziwa kwa kila mtu eti isafishe kifua. Jamani maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, njia zinaachana kooni hapo hata mtoto wa shule anajua! Na kuna wenzangu wanashukuru kabisa, ndo kinachoniuma.

Barakoa ni zile za bluu za hospitali, zinaacha nafasi mashavuni, na lile vumbi laini usiloliona ndo linashuka mpaka chini kabisa. Akina mama wanajifunga kanga. Jioni tunafagia na ufagio mkavu huku dogo mmoja anapuliza mashine kwa kompresa, yaani lililokuwa limeshatua linarudishwa hewani tulivute mara ya pili. Kunyunyiza maji sakafuni nako mpaka bajeti?

Kuna siku walikuja wapimaji. Brashi mbili kati ya nne zikazimwa, eti matengenezo, na kile kipampu cha kupimia vumbi kinachofungwa kiunoni, mrija kwenye kola, akavalishwa karani wa stoo. Karani wa stoo!! Anakaa dirishani na daftari lake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, mfanyakazi apimwe akianza kazi na kila baada ya muda, mimi kile kimashine cha kupuliza pumzi nakiona kwenye picha tu. Ukikohoa sana wanakwambia punguza sigara. Mimi sigara hata kuishika sijawahi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa brashi kaachishwa, kifua, hawezi hata kupanda ngazi. Kapewa barua na katoni ya maziwa.

Sasa naombeni, kuna aliyewahi kudai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa ugonjwa wa vumbi? Kama hukupimwa siku ya kwanza unathibitishaje kwamba mapafu uliingia nayo mazima? Huyu mama anauliza, na mimi najiulizia mapema.