Mrejesho: Bunduki ya marisau ya marehemu baba

Ndugu zangu, nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama bunduki kuukuu ya mitutu miwili, aliyoimiliki marehemu baba kwa kibali, ingefaa kulinda nyumba yetu ya Kisauni. Nilifuata kwanza ushauri wa kuikabidhi kituo cha polisi, kwa kuwa kibali cha silaha ni cha mtu binafsi na hakirithiwi, kisha nikaomba changu. Ombi bado halijajibiwa.

Fundi mwenye leseni ameikagua. Mliosisitiza kwamba chumba cha risasi (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) kipimwe mlisema kweli: kina urefu wa milimita 65, na risasi ya siku hizi ya milimita 70 (urefu wa ganda likishafunguka), ingawa huingia bila shida, ganda lake hukosa nafasi ya kufunguka wakati wa kufyatuliwa, na shinikizo likapanda kupita kiasi. Mtutu wa kulia ni mzima. Wa kushoto umeliwa na kutu (chumvi ya pwani mnaijua), na fundi amekataa katakata kuutengeneza.

Kwa hiyo, hata kibali kikitoka, sitaitegemea kwa ulinzi. Makomeo ya chuma na taa za uani, alizopendekeza mama mmoja miongoni mwenu, tumeshafunga, na tumeridhika nazo.