Mjadala: Msanii anayegombea na msanii anayeletwa kuimba, yupi anatuumiza?

Kila uchaguzi ukipita, hapa Kigoma hoja ni ileile: wasanii wabaki studio, siasa waachiwe wanasiasa. Mimi siikubali. Mwenye mawazo tofauti aje tujadiliane.

Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama. Haimkatazi aliyewahi kushika maiki. Msanii Sugu aliiwakilisha bungeni Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Profesa Jay alichukua Mikumi 2015. MwanaFA aliingia kupitia Muheza 2020, baadaye akawa naibu waziri. Na Baba Levo wetu hakuanzia bungeni: alikuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, akahamia CCM, na 2025 akatangazwa mshindi Kigoma Mjini dhidi ya Zitto Kabwe. Umpende usimpende, aliyewahi kuwa diwani ana pa kushikwa. Baraza la madiwani lina mihtasari, na mtaro alioahidi ama umechimbwa ama haujachimbwa.

Anayenikera mimi ni yule anayeletwa kuimba tu.

Mkutano wa kampeni kisheria unaisha saa 12 jioni. Spika zinafungwa mapema mchana, watoto wanajaa mbele, akina mama wanaacha dagaa juani wanakuja. Unapigwa muziki weee, msanii huyu anashuka, yule anapanda, na yule mkubwa anasubiriwa hadi saa 11. Mgombea akipewa maiki, atasalimia meza kuu, atawanadi madiwani mmoja mmoja, ataomba kura, na muda umekwisha. Mwananchi ameuliza saa ngapi?

Na maswali tunayo. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Lengo lilikuwa samaki wazaliane, na sipingi ziwa kupumzishwa. Lakini kwenye mialo ya kushushia samaki ya Katonga na Kibirizi, mvuvi, mwenye mtumbwi, mama anayeanika na kijana anayebeba magunia wote wanakula kwa ziwa hilohilo. Mama mwenye mkopo analipa marejesho kwa kitu gani ziwa likifungwa? Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: ni wangapi wa mialoni wameipata? Hayo ndiyo ya kumuuliza mgombea hadharani, watu wote wakisikia.

Najua nitaambiwa bila muziki watu hawaji. Ni kweli wengi wanafuata muziki, na msanii kulipwa kwa kazi yake ni haki yake kabisa. Ila akishasema "mchagueni huyu", ameshaacha kuburudisha, amekuwa mdhamini. Mbunge ambaye ni msanii nitamdai miaka mitano. Huyu mwingine kesho yuko Dar, na mimi nimebaki na mbunge ambaye msanii huyo alinishawishi nimchague.

Pendekezo langu: muziki uishe saa 10, kisha saa nzima maiki iwe kwa wananchi kabla mgombea hajaomba kura. Anayepinga aseme kwa nini. Na ndugu zangu wa Ujiji, Kasulu na Buhigwe, kwenu kuna mgombea yeyote aliyeruhusu maswali mkutanoni? Aliulizwa nini, na alijibu nini?