Klarineti: nafanyaje sauti iteleze mpaka juu bila kusikika noti moja moja?

mpuliza_Bflat: Wakuu habari zenu. Napiga klarineti ya B flati kwenye bendi ya vijana, sasa mwalimu katuletea Rhapsody in Blue ya mtunzi Gershwin na ule mwanzo kanipa mimi, naanza na trili (noti mbili zinazopishana haraka haraka) kwenye G ya chini halafu sauti inatakiwa ipande mpaka C iliyo juu ya mistari mitano ya noti. Huku chini naenda freshi, ila nikifika juu inasikika kama mtu anapanda ngazi, na nikitoa vidole polepole inapiga yowe au inakata kabisa. Ridi yangu (kile kipande chembamba kinachotetema mdomoni) ni ya ugumu namba 3. Shida ni vidole, ridi au mdomo? Naipenda sana hii kitu sitaki kuipiga nusunusu.

NotiNdefu: Mdogo wangu kwanza usihangaike kutelezesha kuanzia chini kabisa. Wengi wanapiga skeli (noti zinazofuatana kupanda) ya haraka mpaka D ya mstari wa nne, kuteleza kwenyewe kunaanzia hapo. Gershwin mwenyewe aliandika skeli ya noti 17, aliyeiburuza ni Ross Gorman mpiga klarineti wa bendi ya Paul Whiteman, alifanya utani mazoezini Gershwin akaipenda, ikapigwa hivyo New York tarehe 12 Februari 1924.

Kazi kubwa ipo kinywani. Piga C ya juu, itulize, halafu bila kugusa vidole ishushe kwa kuteremsha ulimi nyuma na kulegeza taya kidogo, hewa isipungue hata chembe!! Anza nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), kisha toni nzima, ukizoea utashuka zaidi ya hapo halafu unairudisha juu taratibu. Siku ukiweza hilo umemaliza robo tatu ya kazi.

Shangazi wa Ridi: Naunga mkono. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Australia waliipima hii kitu wakachapisha 2009, wakaona mpigaji anageuza umbo la koo na kinywa mpaka mlio wa humo ndani ndio unaitawala ridi badala ya bomba la klarineti. Noti za chini bomba lina nguvu sana, ndo maana huko hata ulegeze vipi sauti haipindi sana.

Vidole sasa: ukiwa D usivinyanyue, vivute pembeni tundu lifunguke kidogo kidogo, anza na cha pete cha mkono wa kulia, kati, shahada, halafu kushoto hivyo hivyo. Gumba na kii ya rejista (ile ya nyuma inayorusha sauti juu) havitoki, hata ukifika C. Na sauti ibaki nyuma ya vidole, yaani vidole vimeshafika juu lakini koo bado linaishikilia chini, unaiachia mwishoni.

bendi_ya_jioni: Mimi ningeshusha ridi iwe 2 na nusu, inapinda kirahisi.

Shangazi wa Ridi: Kwa mazoezi sawa kaka, ila ridi laini sana ile C ya mwisho inakuwa nyembamba na inashuka tuni, na pale ndo orkestra nzima inakusubiri. Kama 3 yake haimchoshi abaki nayo.

mpuliza_Bflat: Asanteni sana aisee. Nimejaribu hiyo ya kushusha C, nusu toni inashuka vizuri ila nikizidisha inaanguka kwenye noti ya chini ghafla, hapo nakosea wapi?

NotiNdefu: Unalegeza midomo badala ya ulimi. Pembe za mdomo zibaki zimebana, taya lishuke kidogo tu, kinachosogea ni ulimi kule nyuma. Na angalia hewa, wengi wakilegeza koo wanapunguza na pumzi bila kujua, wewe fanya kinyume, sukuma zaidi kadri unavyoshuka. Kaa kwenye hiyo nusu toni mpaka uwe unaishika muda mrefu bila kutetemeka ndo uongeze.